Heshima kwa Mila, Heshima kwa Mtu

Wapo wasemao kwamba wamisionari wote walikuja kuvunja mila zetu, na wapo wasemao kwamba walituletea nuru tupu. Kauli zote mbili ni nyepesi. Swali gumu ni hili: mgeni ampendaye mwenyeji wake, ampende jinsi alivyo, au jinsi mwenyeji mwenyewe anavyotaka kuwa?

Na tumtazame Bruno Gutmann, mchungaji wa Misheni ya Kilutheri ya Leipzig, aliyefika Uchagani mwaka 1902 na, tukiacha miaka michache baada ya Vita Kuu ya Kwanza, akafanya kazi huko hadi 1938. Huyu hakuwa mtu wa kudharau. Alijifunza Kichagga, akaketi na wazee, akaandika kitabu kikubwa cha sheria za Wachagga kilichotoka mwaka 1926. Kisha, kati ya 1932 na 1938, akatoa vitabu vitatu vya mafundisho ya jando, yale ambayo vijana walifunzwa kwa kufuata alama zilizochanjwa katika fimbo iitwayo mregho. Aliamini kuwa ukoo, ujirani na rika ni vipawa vya Mungu, na kwamba Kanisa lijengwe juu yake. Vijana wa kipaimara aliwaunga katika vikundi vya kusaidiana, kwa mfano wa marika ya jadi. Ni Wazungu wangapi wa zama zile waliokubali kuwa wanafunzi wa wazee wetu?

Lakini hapo ndipo penye fundo. Gutmann alihofia miji, fedha na elimu ya Kizungu, mambo ambayo kwa maoni yake yalikuwa yameharibu udugu huko Ulaya. Wachagga nao walikuwa wakipanda kahawa. Mwaka 1925 wakulima waliunda chama chao, na mwaka 1933 kikazaliwa chama cha ushirika cha KNCU. Vijana walitaka shule. Je, waambiwe kwamba ukoo wawatosha? Mtu akitetea mila ya mwenzake kinyume cha matakwa ya mwenzake, amekwisha kujifanya mlezi wake. Na mlezi, hata awe mpole namna gani, humwona mtu mzima kuwa mtoto.

Hata hivyo wakulima wale hawakuutupa ukoo. Kihamba kiliendelea kurithiwa kwa desturi ya ukoo, ijapokuwa sasa mibuni iliota chini ya migomba. Walichagua wenyewe la kushika na la kuacha, na kazi hiyo hakuna mgeni angeliweza kuwafanyia. Twaona kwamba urafiki wa kweli kati ya tamaduni mbili huanzia hapo, mgeni anapokubali kutoulizwa.

Wajukuu wa wazee wale wana sababu ya kumshukuru Gutmann, maana mengi ya mafundisho ya mregho yamesalia katika vitabu vyake. Aliviandika kwa Kijerumani, vikachapishwa Munich.