Zawadi Ipi Inampasa Mchumba?



Liko swali moja ambalo wazee wetu hawakupata kuulizwa, nalo laulizwa sasa mijini na vijijini, mara nyingi kwa sauti ya chini. Msichana amekwisha kuposwa. Mahari imetolewa, na jina lake lakaribia kutangazwa kanisani pamoja na jina la mchumba wake. Kijana huyo yuko mbali kazini. Siku moja amwandikia msichana katika simu akimwomba picha yake akiwa mtupu, au akiwa na nguo chache tu za ndani, naye aiita picha hiyo zawadi. Amwambia kwamba kama ampenda kweli, hatamnyima. Msichana auliza: Je, kuna ubaya gani? Huyu si ndiye atakayekuwa mume wangu?

Twaona yatupasa kulijibu swali hili waziwazi, maana ukimya wa wachungaji na wa wazazi haujapata kumlinda mtoto yeyote.

Desturi yenyewe ina historia yake. Huko Ulaya na Marekani wako wapiga picha ambao kazi yao ni kuwapiga bibi arusi picha za namna hii, kisha hutengenezwa kitabu kizuri ambacho bwana arusi hupewa kama zawadi ya harusi. Picha hizo huitwa kwa neno la Kifaransa, boudoir, maana yake chumba cha faragha cha bibi. Kwetu hapana haja ya mpiga picha wala kitabu: simu ya mkononi yatosha, na kwa dakika moja zawadi imekwisha kufika Mwanza au Muscat. Lakini neno lile la Kifaransa lastahili kufikiriwa. Chumba cha faragha ni chumba chenye mlango, na mwenye chumba ndiye mwenye ufunguo. Picha haina mlango. Hapo ndipo ulipo mzizi wa jambo lote.

Mtu asidhani kwamba Kanisa lachukia picha. Mwaka 1957 Papa Pio XII aliandika barua kwa Kanisa zima juu ya sinema, redio na televisheni, akazihesabu kazi hizo za akili za wanadamu kuwa ni vipawa vitokavyo kwa Mungu. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano nao ulitoa hati nzima juu ya vyombo vya mawasiliano. Wazazi na mababu zetu walikwenda studio wakiwa wamevaa nguo zao za Jumapili, wakapigwa picha, wakapelekeana kwa posta. Wachumba wengi walijuana hivyo kabla ya kuonana mara ya pili. Picha ya uso wa mpendwa ni kitu chema.

Wala mtu asidhani kwamba Kanisa lauonea haya mwili. Kitabu cha Mwanzo chatufundisha kwamba Mungu alimwumba mwanamume na mwanamke, akaona kazi yake ni njema sana, nao walikuwa uchi wasione haya. Wimbo Ulio Bora wasifu uzuri wa bibi na bwana bila kigugumizi, nao umo katika Biblia Takatifu. Mume na mke wanapotazamana chumbani mwao hawatendi dhambi. Wanaishi sakramenti yao.

Basi, kama picha si mbaya na mwili si mbaya, kosa liko wapi? Liko katika neno zawadi.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1965 juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo, wafundisha kwamba mtu hawezi kujipata kikamilifu ila kwa kujitoa kweli kuwa zawadi. Zawadi ambayo mwanamke humpa mumewe ni nafsi yake yote: moyo wake, akili yake, siku zake za afya na za ugonjwa, uzee wake, na mwili wake pamoja na hayo yote. Ndiyo maana zawadi hiyo hutolewa mbele ya altare, kwa kiapo, mbele ya mashahidi, naye mume hujitoa vivyo hivyo. Hakuna atoaye peke yake. Mtume Paulo awaambia Wakorinto kwamba mke hana amri juu ya mwili wake, bali mumewe, na mume kadhalika hana amri juu ya mwili wake, bali mkewe. Uchumba ni ahadi ya kutoa, lakini kutoa kwenyewe bado. Mkulima aliyeahidi kuuza shamba hajalikabidhi shamba.

Sasa tuitazame picha. Picha huchukua mwili na kuuacha moyo. Huchukua ngozi na kuiacha sauti. Yule aliyemo ndani yake hawezi kusema, "Sasa basi, geuza uso wako," wala hawezi kujua ni nani anayemtazama, wala saa ngapi, wala kwa nia gani. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika mafundisho yake ya Jumatano ya miezi ya Aprili na Mei 1981, alilieleza jambo hili kwa makini. Alisema kwamba mwili unaoonyeshwa katika picha au filamu waweza kutengwa na mtu mwenyewe, ukawa kitu tu mbele ya macho ya watu wasiojulikana, hali maana yake mwili ni zawadi ya nafsi kwa nafsi. Kwa hiyo anayempelekea mchumba wake picha ya utupu hajampa zawadi kubwa kuliko zote, kama aambiwavyo. Amempa sehemu iliyokatwa kutoka katika zawadi, na kabla ya siku yake.

Tena sehemu hiyo hairudi. Tuseme kijana ni mwaminifu kabisa. Simu yake yaweza kuibwa katika daladala. Yaweza kupelekwa kwa fundi kutengenezwa kioo, na fundi akafungua yote yaliyomo. Yaweza kuuzwa kwa mtu mwingine, na picha zilizofutwa zikafufuliwa na mjuzi. Simu nyingi, mwenyewe akiziruhusu, hujitumia nakala ya kila picha katika hifadhi za makampuni ya mbali. Na hata ile picha itumwayo ili itazamwe mara moja tu, mwenzake akiwa na simu ya pili huipiga picha palepale. Tena uchumba waweza kuvunjika. Ndiyo maana twauita uchumba, hatuuiti ndoa. Mahari hurudishwa, pete hurudishwa, lakini picha ya utupu haina namna ya kurudishwa. Maji yakimwagika hayazoleki.

Vijana wa kiume, twasema nanyi kwa namna ya pekee, kwa kuwa mara nyingi ninyi ndio waombaji. Kumwambia msichana, "Ukinipenda utanipa," ni kumtoza kodi, wala si kumpenda. Mapenzi ya kweli humlinda mpendwa hata asipokuwapo, nayo humlinda kwanza na tamaa ya mwenye mapenzi mwenyewe. Bwana wetu Yesu Kristo alisema juu ya mtu amtazamaye mwanamke kwa kumtamani, wala hakusema, "isipokuwa amemposa." Fikirini pia jambo hili: yule mnayetaka kumwoa atakuwa mama wa watoto wenu. Je, mngependa watoto hao siku moja waichukue simu ya zamani kabatini na kuiwasha?

Nanyi wasichana, msiogope kukataa. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kijana atakayekuacha kwa sababu umemnyima picha amekuonyesha mapema, bila gharama, mume wa namna gani angekuwa. Mshukuru Mungu, umpe mkono wa kwaheri.

Watu wa ndoa nao watauliza: Je, sisi tuliokwisha kuoana? Bwana yu machimboni Geita, au yu barabarani na lori, nami nimebaki na watoto. Je, nisimpelekee mume wangu halali? Twajibu kwa upole, maana twajua upweke wa nyumba hizo. Haki ya mume na mke kutazamana haina shaka. Lakini haki hiyo ni ya mume, si ya simu ya mume, nayo picha haijui kutofautisha macho ya mwenyewe na macho ya wanaolala naye katika kambi ya kazi. Kitabu cha Esta chasimulia jinsi mfalme Ahasuero, moyo wake ukiwa umechangamka kwa divai katika siku ya saba ya karamu, alivyotuma watumishi wamlete malkia Vashti ili awaonyeshe watu uzuri wake. Vashti alikataa, akapoteza taji. Mpaka leo wako waume wasio wafalme wanaofanya kama Ahasuero mbele ya rafiki zao wakiwa kilabuni, na wake zao hawana habari. Kwa hiyo shauri letu kwa watu wa ndoa ni hili: tumieni simu kwa sauti zenu, kwa maneno ya mapenzi, kwa sala ya jioni mkiisali pamoja ijapokuwa mko mbali, na fedha za kununulia vocha, wekeni kiasi kwa ajili ya nauli ya kuonana.

Sasa twageukia walio katika taabu. Wako waliokwisha kutuma, na leo wanatishwa: "Leta fedha, au nitawaonyesha watu," au "Rudi kwangu, au nitasambaza." Hao hatuwashutumu hapa. Twawakumbusha habari za Susana katika sura ya 13 ya kitabu cha Danieli. Wazee wawili, waamuzi wa watu, walimvizia bustanini akitaka kuoga, wakamtisha kwamba asipokubali watamshitaki kwa uzinzi. Hata siku ya hukumu waliamuru afunuliwe ushungi wake, wapate kushiba uzuri wake kwa macho. Susana hakujua jinsi atakavyoshinda, ila alifanya jambo moja: alipaza sauti. Na Mungu akamwinua kijana Danieli, aliyewatenga wale wazee na kumwuliza kila mmoja ni chini ya mti gani walimwona, na uongo wao ukafichuka.

Nawe paza sauti. Kuna watu wanaolitumia vibaya neno la wahenga, mficha uchi hazai, ili kuwashawishi wasichana wajifunue. Maana yake ni nyingine kabisa. Mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa humfunulia mkunga, maana bila hivyo hapati msaada. Vivyo hivyo mwenye shida asiifiche kwa yule awezaye kumsaidia. Mwambie mama yako, au shangazi, au paroko wako. Usimpe mtishaji fedha wala picha nyingine. Usiyafute maneno yake ya vitisho, maana ndiyo ushahidi. Nenda polisi kwenye dawati la jinsia na watoto. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ya nchi yetu yakataza kusambaza picha za ngono kwa njia ya kompyuta na simu, yakataza pia kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha au kumlazimisha, na ina adhabu za fedha na kifungo. Ikiwa aliyemo pichani hajatimiza miaka 18, kosa ni kubwa zaidi. Jirani zetu wa Kenya nao, katika sheria yao ya mwaka 2018, wameweka adhabu ya kifungo kisichozidi miaka 2, au faini isiyozidi shilingi 200,000, au vyote viwili, kwa mtu asambazaye picha ya faragha ya mwenzake. Kama dhamiri yako yakusumbua kwa ulilolifanya, Sakramenti ya Kitubio iko wazi. Huko padre hashangai, wala Mungu hachoki.

Lakini wako wengine ambao kosa lao ni zito kuliko la wote, nao hawajihesabu kuwa wamekosa: ni wale wanaopokea picha ya aibu ya mtu katika kundi la WhatsApp, wakacheka, wakaipeleka mbele. Alipoletwa kwa Bwana wetu yule mwanamke aliyefumaniwa, watu walikuwa tayari na mawe. Siku hizi jiwe hutupwa kwa kidole gumba, tena mtupaji amelala kitandani. Mkristo anayepokea picha ya namna hiyo ana wajibu mmoja: aifute, asiipeleke kwa mtu, na amkanye aliyeileta.

Wazazi nao wasidhani jambo hili ni la watoto wa jirani. Ukimpa binti au mwana simu, mpe na maneno. Zamani somo na kungwi walimkalisha mwali wakamfundisha thamani ya mwili wake. Leo katika sherehe za kumwaga bibi arusi husemwa mengi juu ya kumfurahisha mume, na machache juu ya heshima ya mke. Mafundisho ya ndoa parokiani nayo yasilipite jambo hili kimya.

Basi, zawadi ipi inampasa mchumba? Ziko nyingi. Mwandikie barua kwa mkono wako. Mpelekee picha ya uso wako unaocheka. Kijana, mnunulie mwenzio doti ya khanga, uchague jina lake kwa makini. Watu wa pwani wamejua tangu zamani kwamba ampendaye mwanamke humpa cha kujifunika. Mwombeane kila usiku kwa saa moja ile ile. Ndivyo Tobia na Sara walivyoanza usiku wa arusi yao: kabla ya yote waliinuka, wakasali, wakamwomba Mungu awahurumie na kuwajalia kuzeeka pamoja.

Kilichobaki kitunzwe mpaka siku yake. Hakuna anayenyimwa kitu kwa kungoja, anawekewa. Bikira Maria, Mama wa Familia Takatifu, awalinde wachumba wote wa nchi yetu, na awafariji wote waliotiwa aibu.