Je, Kimya cha Ekzosi ni Ushahidi?

Pikipiki inashuka mlima, dereva ameachia akseli, na ndani ya ekzosi inasikika milipuko mikavu inayofuatana. Jioni mwenye chombo anachuchumaa uani na bisibisi, anazungusha skurubu ya kabureta nusu mzunguko, anawasha, anazunguka nayo mtaani na kurudi. Kimya. Anahitimisha kwamba kabureta ndiyo iliyokuwa na ubovu. Hitimisho la namna hii hufanywa kila siku penye bodaboda, na wanaolifanya si watu wavivu wa akili. Wamegusa kitu kimoja, wameona badiliko moja, wameunganisha. Lakini kosa likinyamaza baada ya mkono wangu kugusa mahali fulani, je, nimejua lilikotoka? Ninachodai ni kwamba kimya peke yake hakitoshi kuwa ushahidi, hata kikipatikana kwa jaribio safi. Ili kujua kosa liko wapi, mtu anahitaji ujuzi wa aina nyingine ambao jaribio haliutoi: ajue kila kiungo kiliwekwa pale kwa kazi gani.

Injini ya mipigo minne inayotumia petroli huunguza mafuta yake kikamilifu ikipata takriban gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu moja ya petroli. Dereva anapoachia akseli mteremkoni, njia ya hewa kwenye kabureta inakaribia kufunga huku gurudumu la nyuma likiendelea kuizungusha injini. Petroli inayopita wakati huo ni ile kidogo ya jeti ndogo, na mara nyingi mchanganyiko unakuwa na petroli haba kiasi kwamba cheche ya plagi inaruka bila kuuwasha. Mchanganyiko huo mbichi unasukumwa nje, unaingia kwenye bomba lenye moto. Sasa kama gasketi iliyo kati ya bomba na kichwa cha injini imechakaa, hewa safi nayo inapata pa kuingilia. Watu wengi hushangaa hapa, maana wanajua tundu la ekzosi hutoa moshi, basi litavutaje hewa? Jibu ni kwamba moshi hutoka kwa mapigo: kila pigo la msukumo hufuatwa na mvuto, na tundu lililotoa moshi sasa hivi ndilo linalonyonya hewa punde tu baadaye. Petroli isiyoungua, hewa safi na joto vikikutana, mlipuko uliopaswa kutokea ndani ya silinda unatokea ndani ya bomba.

Vitu vitatu, basi, na vyote vinahitajika. Hapo ndipo ugumu wa kifalsafa ulipo. Mwaka 1843 Mwingereza John Stuart Mill, katika kitabu chake kuhusu mantiki, alieleza kanuni ambayo mafundi wameitumia tangu zamani bila kumsoma: ukiwa na hali mbili zinazofanana kwa kila kitu isipokuwa kimoja, na tukio likawepo katika moja na kukosekana katika nyingine, basi kile kilichotofautiana kina mkono katika tukio hilo. Kanuni ni nzuri, na anayegeuza vitu viwili kwa pamoja amejinyima msaada wake. Lakini tuitumie kwenye pikipiki yetu tuone. Badilisha gasketi bila kugusa kabureta: kimya. Irudishe gasketi mbovu, ongeza petroli kidogo kwa skurubu: kimya vilevile, kwa kuwa sasa mchanganyiko unawaka ndani ya silinda na hakuna kibichi kinachofika bombani. Majaribio yote mawili ni halali, kila moja limetenga kitu kimoja, na kila moja linanyoosha kidole upande wake. Zaidi ya hayo, kama bomba lingeweza kubaki la baridi, hapo pia tungepata kimya, ila hakuna fundi atakayesema kwamba joto la ekzosi ndilo ubovu. Kwa nini hasemi? Kanuni ya Mill haimkatazi. Kuna jambo lingine analolijua.

Mwenye kuijua historia ya fikra za Kiislamu atasema kwamba shaka hii ilishaulizwa kwa kina zaidi. Yapata mwaka 1095 Imam Ghazali aliandika Tahafut al-Falasifa, na katika suala la kumi na saba la kitabu hicho alichukua mfano wa pamba na moto. Tunaona pamba ikiungua inapoguswa na moto. Tunachoshuhudia, alisema, ni kwamba kuungua kumeandamana na kuguswa, na jicho halijapata kuona ule ulazima unaodaiwa kuvifunga viwili hivyo. Mtendaji wa kweli, kwake yeye, ni Mwenyezi Mungu, na mazoea yetu ya kuona mambo yakifuatana hayatupi haki ya kudai zaidi. Karne iliyofuata mwanafalsafa Ibn Rushd alimjibu kwa ukali kwamba anayekana sababu ameikana elimu yenyewe. Mimi naona fundi wa uani ana mengi zaidi ya kujifunza kwa Ghazali kuliko anavyodhani. Kimya kiliandamana na kuzungushwa kwa skurubu, basi. Lakini kuandamana huko hakujamwambia kwamba skurubu ilikuwa imekosewa. Yeyote aliyewahi kuona kosa likipotea kwa mkono wa fundi na kurudi baada ya wiki anaelewa uzito wa tahadhari hiyo bila kuhitaji kukubaliana na theolojia yote iliyo nyuma yake.

Wapo wanaomsoma Ghazali, au wanaosikia habari zake, wakapata ruhusa ya kuacha kutafuta: kama yote yatoka kwa Mungu, kwa nini mtu ahangaike na gasketi? Hilo ni kumdhulumu. Katika Ihya Ulum al-Din, anapozungumzia tawakkul, anasema wazi kwamba mwenye njaa aliyewekewa chakula mbele yake, akakataa kunyoosha mkono kwa madai ya kumtegemea Mungu, ana wazimu na wala hana tawakkul. Njia ambazo Mungu amezizoesha duniani zinapaswa kufuatwa. Kwa hiyo shaka yake inamzuia mtu kudai kwamba ameuona ulazima, na haimzuii hata kidogo kuchunguza. Mwenye pikipiki anaweza kuamini kwamba kila mlipuko ni tendo la Muumba na bado akawa na wajibu kamili wa kujua gasketi yake imechakaa au la.

Turudi basi kwenye swali la joto. Fundi halihesabu joto kuwa ubovu kwa sababu joto liko pale linapopaswa kuwa. Bomba la ekzosi limetengenezwa lipokee gesi za moto. Hewa ya nje haikutarajiwa kuingilia kwenye maungio. Ubovu, kwa maana anayoijali mtengenezaji, ni kitu kilichoacha kazi yake. Aristotle alilihesabu lengo la kitu kuwa miongoni mwa sababu zake, na sayansi ya karne za karibuni imemwacha kwa sehemu kubwa katika hoja hiyo: jiwe linaloanguka halina lengo, na tukisema linalo tunajidanganya. Lakini kifaa kilichobuniwa na binadamu kinalo, na bila kulirejelea hatuwezi hata kutamka kwamba kimeharibika. Fizikia inaeleza kwa usahihi uleule pikipiki inayolipua na isiyolipua. Haina safu ya kuandikia neno bovu.

Ushahidi mzito wa hoja hii uko kwenye pikipiki zenyewe. Baadhi zimefungwa na kiwanda kijitundu chenye vali kinachoingiza hewa safi kwenye ekzosi makusudi, ili mabaki ya petroli yamalizikie kuungua huko na moshi upungue sumu. Hewa ileile, mahali palepale, karibu na mlango wa kutolea moshi. Katika pikipiki moja ni ubovu, katika nyingine ni ubunifu, na hakuna jaribio la kusikiliza litakalotofautisha mpaka ujue mtengenezaji alikusudia nini. Na kwa kuwa mbuni alijua hatari ya mlipuko, aliweka kizuizi kinachoifunga hewa hiyo dereva anapoachia akseli. Kizuizi kikifa, milipuko inaanza, na mtu asiyejua kwamba kilikuwepo ataikaza skurubu ya kabureta mpaka achoke.

Skurubu yenyewe inafundisha hilohilo. Katika kabureta fulani iko upande wa kisafisha hewa na inatawala hewa. Kuifungulia kunapunguza uwiano wa petroli. Katika nyingine iko upande wa injini na inatawala mchanganyiko wenye petroli. Kuifungulia kunaongeza petroli. Mkono unafanya tendo moja, matokeo yanapingana. Anayesema kwamba dawa ni kufungulia nusu mzunguko, bila kusema skurubu ipi, hajasema kitu bado. Na skurubu hiyo, ya aina yoyote, kazi yake ni karibu yote kwenye robo ya kwanza ya akseli. Zaidi ya hapo sindano na jeti kubwa ndizo zinazoamua. Pikipiki inayolipua ikiwa imefunguliwa akseli yote inatafutiwa tatizo mahali pengine, huenda hata nje ya kabureta: vali iliyobana mno, cheche dhaifu, wakati wa cheche uliohama.

Atainuka mtu wa kijiweni aniulize: yote haya ya nini? Anatafuta hesabu ya leo, pikipiki imenyamaza, abiria wamepanda. Pingamizi hili linastahili heshima, kwa kuwa muda wa mtu anayelipwa kwa safari ni chakula cha nyumbani kwake. Lakini hesabu yake haijakamilika. Aliyenyamazisha tundu la gasketi kwa kuongeza petroli atailipia petroli hiyo kila safari, plagi itavaa masizi meusi, na gesi za moto zitaendelea kuula uso wa chuma pale kwenye maungio mpaka gasketi mpya isikae tena sawasawa. Simkatazi kuzungusha skurubu ili amalize siku. Namtaka ajue kwamba ameahirisha, na asimwambie mnunuzi wa kesho kwamba pikipiki imetengenezwa. Hapo kosa la ujuzi linageuka kosa la uaminifu.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi: fundi mzoefu hahitaji falsafa, sikio lake linajua. Nakubali kwamba sikio la namna hiyo lipo na kwamba linafika haraka kuliko maelezo. Ila sikio haliwezi kutenganisha kimya cha maungio yaliyozibwa na kimya cha petroli iliyozidi, kwa kuwa vyote viwili ni kimya. Kinachotenganisha ni kutazama: masizi yaliyochirizika pembeni ya maungio, povu la sabuni linalotokota pale injini ikiwashwa ingali ya baridi, rangi ya ncha ya plagi, nyeupe kwa petroli haba, nyeusi kwa iliyozidi, kahawia kwa iliyo sawa. Uchunguzi huu unatangulia bisibisi, na ufanyike nje penye hewa, maana moshi wa injini una monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo huua ndani ya chumba kilichofungwa.

Limebaki pingamizi moja ambalo silioni likijibika kirahisi. Lengo la kifaa, mtu atasema, limewekwa na watu, na watu hawakubaliani. Ni kweli. Pikipiki nyingi hutoka kiwandani zikiwa na petroli haba kidogo kwenye mwendo mdogo kwa sababu sheria za moshi zinadai hivyo, na mlipuko hafifu wa mara mojamoja mteremkoni unaweza kuwa bei ambayo mbuni aliikubali. Mwenye pikipiki anataka utulivu, sheria inataka hewa iliyo safi zaidi. Basi ubovu uko wapi? Jibu langu ni kwamba katika hali hiyo hakuna kilichoharibika, na anayeshika bisibisi anachagua kati ya malengo mawili. Mchanganyiko wenye petroli iliyozidi hutoa monoksidi ya kaboni zaidi, na moshi huo unavutwa na abiria aliye nyuma yake, na mama anayeuza maandazi kando ya kituo, na watoto wanaosubiri kuvuka. Hao hawakuulizwa. Kabla ya kuigeuza skurubu kwa ajili ya masikio yake, inampasa awahesabu wao pia, na kazi hiyo hakuna kipimo cha plagi kitakachomfanyia.