Dhahabu Inapotupima

Somo: Ayubu 28



Jumamosi iliyopita tulitoka hapa Matulo alfajiri, mimi na vijana 12. Tulipanda matatu, tukapita Webuye na Malava hadi Kakamega, kisha tukaenda Rosterman, kwenye machimbo ya zamani ya dhahabu. Mlijua ni ziara ya vijana kujifunza. Leo nataka niwaambie ukweli wote, manake mahubiri yanayomwacha mhubiri nje hayajakamilika.

Vijana wetu wameweka akiba miaka 2 wanunue hema na viti vya kukodisha. Wamefikisha shilingi 86,000. Ni mimi niliyesimama mbele yenu nikaahidi kwamba hizo pesa hazitaguswa kwa jambo lingine. Lakini mimi nimesomea biashara, na kichwa changu hakiachi hesabu. Mtu alikuwa amenipigia simu: kuna shimo la dhahabu, weka pesa, baada ya mwezi zinarudi mara mbili. Kwa hivyo mimi nilikuwa naenda kuangalia shimo. Sikumwambia mtu, hata mwekahazina.

Kule Rosterman niliwapa vijana historia. Dhahabu ya Kakamega ilijulikana mwaka 1931, wazungu wakamiminika. Sasa sikilizeni: mwaka 1930 serikali ya mkoloni ilikuwa imetunga sheria kwamba ardhi ya Waafrika ni yao milele, na ikichukuliwa kipande, wapewe kingine badala yake. Desemba 1932 sheria hiyo ikabadilishwa kwa sababu ya dhahabu. Ardhi ingeweza kuchukuliwa bila kulipwa ardhi nyingine. "Milele" ilidumu miaka 2! Mgodi wenyewe ulifungwa 1952, na mashimo yakabaki.

Nilisema hayo kwa sauti kubwa, vijana wakatikisa vichwa. Mimi mwenyewe sikusikia nilichosema.

Tukateremka kwenye maji. Mama mmoja alikuwa ameinama na karai, anazungusha mchanga, maji machafu yanamwagika, mzito unabaki chini. Kisha akatia zebaki na kuikanda kwa vidole vitupu. Zebaki hukamata unga wa dhahabu, wote unakuwa donge. Donge likichomwa, zebaki hupanda kama mvuke, dhahabu inabaki. Huo mvuke huharibu ubongo na figo, na humdhuru hata mtoto aliye tumboni. Nikamwambia, "Mama, hiyo ni sumu." Akajibu, "Najua, mwanangu. Na karo?"

Halafu akanitazama vizuri. "Wewe ni pasta?"

"Ndiyo, mama."

"Umekuja kutuombea ama kununua?"

Wapendwa, nilikuwa nimekuja kununua.

Ayubu aliijua kazi ya migodi. Anaeleza jinsi watu wanavyoning'inia mbali na wenzao, wanapasua mwamba, wanaleta nuruni kilichofichika. Hawadharau. Lakini anauliza: hekima nayo inachimbwa wapi? Kilindi kinasema haimo, bahari inasema haiko kwangu, na dhahabu haiwezi kuinunua. Jibu linakuja mwisho kabisa: mche Mungu, uache uovu. Yaani ile hekima niliyokwenda kuitafuta kwa matatu, nilikuwa nimeiacha hapa Matulo, ndani ya ahadi yangu.

Sisi husema dhahabu hupimwa kwa moto. Ni kweli. Lakini dhahabu nayo hutupima sisi. Ilipima serikali, ikapatikana imepungua. Ikanipima mimi kabla sijaishika hata chembe moja.

Tulipofika Malava jioni niliomba dereva asimame, nikawaambia vijana kila kitu. Kimya. Kisha binti mmoja akauliza, "Pasta, na yule mama asingekuuliza?" Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Pesa zipo zote. Jumatatu niliomba jina langu litolewe kwenye sahihi za akaunti. Vijana watachagua wengine, na taarifa ya benki itasomwa hapa kila mwezi. Kumcha Mungu hakukatazi hesabu. Hutaka hesabu isomwe mbele ya watu.

Na wewe ndugu yangu, shimo lako liko wapi? Pengine ni pesa ya mbolea uliyoweka kwenye kamari ya simu. Pengine ni pesa ya chama, mama, ambayo "umeazima kidogo" na wenzako hawajui. Usingoje mtu wa mbali akuulize. Rudi nyumbani leo, useme.

Na yule mama wa karai tumwombee, lakini tusiishie hapo. Wapo akina mama kama yeye hata kwetu, wanaohatarisha mwili kwa sababu ya karo. Kikundi cha akina mama kitakaa Jumatano kuona tunaweza kusaidia nani.

Tuombe: Bwana, tufanye watu ambao ahadi yao haibadiliki dhahabu ikionekana. Kwa jina la Yesu. Amina.