Nyama, Maziwa na Mipaka ya Huruma

Katika mapishi ya Kiswidi, madonge ya nyama ya kusaga hukaangwa kwa siagi, kisha masalio yaliyoshika chini ya kikaango hulainishwa kwa supu na kuchanganywa na malai, yaani sehemu ya maziwa yenye mafuta mengi, mpaka mchuzi uwe mzito. Kwa familia ya Kiyahudi inayoshika kashruti, yaani sheria za vyakula, mlo huo hauruhusiwi, kwa kuwa Torati inakataza mara tatu kumpika mwana-mbuzi katika maziwa ya mama yake, na marabi walilipanua katazo hilo hadi kwa nyama na maziwa kwa jumla. Mwanazuoni wa Kiyahudi Maimonides (1138–1204) alidhani kwamba katazo hilo lilipinga ibada ya sanamu, ilhali Ibn Ezra, mfafanuzi wa Torati, aliliona kuwa kinga dhidi ya ukatili. Maelezo haya ya pili yana uzito wa pekee, kwani kilichoumbwa kulea uhai hakistahili kuwa kiungo cha kifo. Hivyo mpishi anayetumia mafuta ya mimea badala ya siagi na tui la nazi badala ya malai hapunguzi upendo wake kwa jamaa, bali anakiri kwamba shibe yao haipaswi kusahau uchungu wa mzazi, hata mzazi huyo akiwa mbuzi.