Kuibiana au Kusaidiana?

Kama ulifanya KCPE, unaujua ule mkono wa kushoto. Unaukunja kama ukuta kuzunguka karatasi, jirani asichungulie. Ukimnong'onezea jibu, nyote wawili ni wezi.

KCPE ya mwisho ilifanywa 2023. Mtaala wa umilisi, ulioanza kusambazwa shuleni 2019, unataja mawasiliano na ushirikiano kati ya mambo ya msingi ambayo mtoto lazima ayapate. Siku hizi mwalimu mwenyewe anasema: mgeukie mwenzako, mjadiliane wawili wawili. Sasa kile kilichokuwa dhambi kimekuwa somo. Je, kuna tofauti, ama tumebadilisha jina tu?

Tuchukue mfano wa darasa huko Marungu, Voi, kandokando ya barabara kuu ya Mombasa, nyika kavu ambako maji yenyewe ni hesabu. Tuseme swali liko ubaoni: tangi lina lita 10,000, kila familia inachota mitungi minne ya lita 20, maji yatatosha familia ngapi? Mmoja kwenye dawati ni mwepesi. Ameshapata 125 kabla mwenzake hajashika penseli.

Anaweza kumsogezea daftari: "Andika 125." Wote watapata alama ya vema, na mmoja wao atatoka darasani vile alivyoingia.

Ama mwenzake amuulize: "Hiyo 80 umeitoa wapi?" Hapo mwepesi inabidi arudi nyuma. Mara nyingi anagundua alikimbilia jibu bila kuitazama njia. Anaeleza kwa Kiswahili, ama Kidawida, ama lugha yoyote ya nyumbani wanayoelewana. Na yule wa pili ameuliza kitu ambacho asingethubutu kuuliza mbele ya darasa zima. Wenzako arobaini wakikutazama, kutojua ni aibu. Kwa mtu mmoja, ni swali tu.

Lakini mwepesi ana malalamiko ya haki: kwani mimi ni mwalimu bila mshahara? Kesho mtihani tutafanya kila mtu na yake. Hilo si choyo. Kabla sijaacha chuo niliona kazi za kikundi ambazo mmoja anakesha akiandika, wanne wanaongeza nambari zao za usajili. Huo si ushirikiano, ni mzigo wa mtu mmoja uliopewa jina zuri.

Ndiyo maana mpangilio una maana. Mwalimu Mmarekani Frank Lyman alieleza mwaka 1981 mbinu yenye hatua tatu: fikiri peke yako, zungumza na mwenzako, kisha lishirikishe darasa. Hatua ya kwanza ni ya upweke. Unakuja kwa mwenzako ukiwa na kitu mkononi, hata kama ni nusu wazo.

Kwa maoni yangu, mwepesi hana deni la jibu kwa jirani yake. Ana deni la subira. Jirani naye ana deni la kujaribu kwanza, kisha kuuliza. Na penseli ibadilishe mikono.

Ukitaka kujua kama wamelipana, funika daftari, umuulize yule wa pili 80 ilitoka wapi. Akieleza, walisaidiana. Akinyamaza, waliibiana, hata kama mwalimu ndiye aliyewaruhusu.