Diski Mbili za Ukubwa Mmoja

Mpiga picha mmoja wa harusi mjini Morogoro aliamua kufanya jambo la busara. Kazi zake za miaka kadhaa zilikuwa kwenye diski moja ya nje, na wenzake walikuwa wakimwonya kila mara kwamba ikifa ile, riziki imekwisha. Kwa hiyo akaitoa diski kuukuu kwenye kompyuta ya mezani iliyokwisha kuharibika, akainunulia kava la USB, akapanga kuifuta yote, kuigawa upya sehemu mbili, kisha anakili humo bekapu ya picha za wateja.

Akazichomeka zote mbili kwa pamoja, ili akimaliza kufuta aanze kunakili papo hapo. Msiba ulianzia hapo.

Alitumia diskpart, programu inayokuja na Windows, kwa kuwa ile njia ya kubofya kwa mausi ilikataa kuondoa patisheni ndogo za mfumo wa zamani. Diskpart huorodhesha diski kwa namba na ukubwa, bila kukwambia ipi ina harusi za watu. Diski zake zote mbili zilikuwa za terabaiti 1, na Windows, ambayo huhesabu kwa 1024 badala ya 1000 ya kiwandani, iliziandika zote gigabaiti 931. Namba nazo si za kuaminiwa: diski iliyokuwa 1 jana yaweza kuwa 2 leo, kutegemea ipi imetambuliwa kwanza. Akachagua 1, akaandika amri ya kusafisha, akabonyeza. Diskpart haiulizi mara ya pili. Diski inayoendesha Windows yenyewe itakataa kuisafisha, lakini diski ya picha za wateja haina mlinzi.

Hata hapo mambo yalikuwa bado hayajaharibika, na hili ningependa kila mwenye diski alijue. Amri ile huondoa jedwali la patisheni, yaani orodha fupi inayoiambia kompyuta kila sehemu inaanzia wapi na kuishia wapi. Picha zenyewe bado zipo, kama bidhaa zilizobaki dukani baada ya kibao cha mlangoni kung'olewa. Angeacha kila kitu na kuchomoa waya, fundi angeweza kutumia TestDisk, programu ya bure ya Mfaransa Christophe Grenier, kuitafuta mipaka ya zamani na kuiandika upya. Ikishindikana, ipo PhotoRec ya mtu huyohuyo, inayookota picha moja moja kwa kutambua muundo wa faili, ingawa majina ya mafaili hupotea.

Hakuacha, kwa sababu hakujua. Akagawa, akafomati, tena akaondoa alama ya fomati ya haraka, maana alisikia kwamba fomati kamili ndiyo inayokagua diski. Ni kweli inakagua. Lakini tangu Windows Vista, fomati hiyo huandika sifuri kwenye kila sekta. Saa kadhaa baadaye alipofungua diski ya pili akakuta mafaili ya ile kompyuta mbovu. Hapo hapakuwa na fundi wa kumsaidia tena.

Mama wa bibi harusi mmoja alimpigia simu kuulizia albamu. "Mwanangu, baba yake tumemzika mwezi uliopita. Zile za harusini ndizo picha zake za mwisho."

Mtu asimwite mpiga picha huyu mzembe. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa kampuni ya GitLab alifuta hifadhidata kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye seva ya pili. Alisitisha ndani ya sekunde chache, lakini kati ya gigabaiti kama 300 zilikuwa zimebaki 4.5. Njia zao za bekapu, walipozikimbilia, hazikuwa zikifanya kazi sawasawa. Waliokolewa na nakala iliyochukuliwa kwa bahati saa 6 hivi kabla. Hao ni mabingwa, na mpiga picha wetu alikuwa peke yake usiku.

Kinga ya kosa kama hili haina gharama. Unapofuta, diski ya kufutwa iwe peke yake kwenye waya. Zenye kazi ziwe kabatini. Soma namba ya utambulisho iliyobandikwa kwenye diski, uilinganishe na inayoonyeshwa kwenye skrini. Kisha angalia taarifa za afya ya diski (SMART) kwa programu kama CrystalDiskInfo: diski kuukuu yenye sekta zinazosubiri kubadilishwa haifai kubeba bekapu, hata ikifutika vizuri namna gani. Na baada ya kunakili, fungua picha kadhaa kutoka kwenye nakala yenyewe uone kama zinafunguka.

Ndugu mpiga picha, nawe mwenye steshenari unayetunza kazi za watu: kama mafaili ya wateja wako yapo sehemu moja tu leo, usiiguse diski ya zamani kwanza. Azima au nunua nyingine nzima, unakili kila kitu, ndipo ufikirie kufuta.