Subira ya Mwajiriwa

Mkimbizi wa makazi ya Nakivale, nchini Uganda, aliyepata kazi mjini Mbarara, kisha tajiri wake akamzuilia ujira au msimamizi akamtweza mbele ya wenziwe, hujiuliza swali zito: je, subira iliyosifiwa na dini ni kunyamaza? Wengi hudhani ndiyo, kwa kuwa mgeni huchelea kupoteza hata riziki ile ndogo, wala siwalaumu. Lakini Mtume Muhammad aliusia kwamba mwajiriwa alipwe kabla jasho lake halijakauka, na Waraka wa Yakobo wafundisha kuwa ujira uliozuiliwa humlilia Mungu. Basi ikiwa ujira wenyewe hulia, mwenye ujira ataharamishiwaje sauti? Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 yamtambulia haki ya kufanya kazi, na Sheria ya Ajira ya mwaka uo huo yamfungulia mlango wa afisa wa kazi. Subira, kwa rai yangu, ni adabu ya kudai: kumwendea tajiri faraghani kwanza, kutaja siku na kiasi pasipo matusi, na asiposikia, kupeleka mashitaka panapostahili. Lililo gumu zaidi ni kudai bila ya kuchukia, na hapo sheria haina la kusema. Ni juu ya masheikh na mapadri wetu kulisema waziwazi, nao hawajalisema vya kutosha.